Swali la Mkulima wa Mtito Andei na Jibu la Waziri

Mji wa Mtito Andei uko kando ya barabara kuu iendayo Mombasa, karibu katikati ya safari kwa mtu atokaye Nairobi. Wasafiri wengi huujua kwa chai na chakula, kwa maana mabasi na malori husimama pale. Watalii huujua kwa lango la Mbuga ya Tsavo Magharibi. Lakini mkulima wa upande ule ana sababu yake mwenyewe ya kuikumbuka mbuga hiyo. Mashamba yamepakana nayo, na ndovu hawajui mpaka.

Tsavo ilitengwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1948. Sehemu zake mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, zina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Hesabu ya wanyamapori iliyofanywa na Serikali mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280 katika Kenya nzima, na eneo la Tsavo lilikuwa na wengi kuliko eneo jingine lolote. Ndovu aliyekomaa hula zaidi ya kilo mia moja za majani kwa siku moja. Katika nchi ambayo mvua yake ni ya kubahatisha, shamba la mahindi na pojo likikanyagwa usiku mmoja, jamaa nzima hukaa ikitazama mawingu hadi msimu ujao. Na wako waliopoteza zaidi ya mahindi, kwa maana mnyama huyo huua watu pia.

Sheria ya kuwalipa watu hao ipo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, milioni 3 kwa aliyejeruhiwa akabaki na kilema cha kudumu, na isiyozidi milioni 2 kwa majeraha mengine. Mazao na mifugo hulipwa kwa bei ya soko, maadamu mwenye mali alifanya juhudi ya kadiri kuilinda. Madai hupelekwa kwa kamati ya kaunti inayohusika na wanyamapori na fidia, nayo huyachunguza na kuyapeleka kwa Waziri.

Basi hati huondoka Mtito Andei na kwenda zake. Miezi hupita, kisha miaka. Ofisi ya kaunti husema kwamba hati zimekwisha kupelekwa Nairobi. Nairobi husema kwamba fedha hazijatoka. Mkulima hawezi kuingia katika ofisi ya Waziri na kumwambia, Nijibu. Lakini yuko mtu aliye na haki ya kufanya hivyo kwa niaba yake, mbele ya watu wote, na maneno yakaandikwa. Mtu huyo ni mjumbe wake katika Bunge, na chombo chake ni swali.

SWALI SI HOTUBA

Watu wengi hudhani kwamba mjumbe hodari ni yule asemaye kwa sauti kubwa. Kelele ina mahali pake, hasa wakati wa uchaguzi. Lakini katika Bunge hotuba ni rahisi kuisahau. Waziri aweza kuisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa heshima, akaondoka bila ya kufungwa na neno lolote. Hoja nayo huamuliwa kwa kura, na katika kura upande wa Serikali kwa kawaida huwa na watu wengi. Swali ni kitu cha namna nyingine. Halihitaji kura. Mjumbe mmoja peke yake, hata akiwa wa chama kidogo kuliko vyote, aweza kuuliza, na Waziri mwenye wizara nzima nyuma yake hana budi kusimama na kujibu.

Desturi hii ni ya zamani. Swali la kwanza linalokumbukwa katika Bunge la Uingereza liliulizwa mwaka 1721 katika Baraza la Malodi. Kampuni moja kubwa iliyoitwa Kampuni ya Bahari ya Kusini ilikuwa imeanguka na kuwafilisi watu wengi, na mtunza fedha wake mkuu alikuwa ametoroka. Lodi Cowper aliiuliza Serikali kama ni kweli kwamba mtu huyo alikuwa amekamatwa ng'ambo. Msomaji atazame jinsi swali lenyewe lilivyokuwa dogo. Halikumtukana mtu wala halikutoa mahubiri. Lilitaka kujua jambo moja lenye jibu la ndiyo au la, nalo lilihusu fedha za watu.

UKAMBANI KABLA YA KUWA NA MJUMBE

Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1907. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuwa na kiti ndani yake. Tangu mwaka 1924 Serikali ilimteua Mzungu, kwa kawaida mmisionari, kusema kwa ajili ya Waafrika, na msomaji aweza kupima mwenyewe jinsi mfugaji wa Machakos alivyoweza kumtuma mtu kama huyo.

Mwaka 1938 jambo hili lilionekana wazi. Serikali ilisema kwamba ng'ombe wa Ukambani walikuwa wengi mno na kwamba ardhi ilikuwa ikiharibika kwa mmomonyoko. Ikaanza kuwapunguza kwa nguvu. Ng'ombe walichukuliwa wakauzwa kwa bei ya chini, na wengi wao walikuwa wa kwenda katika kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River. Wakamba hawakuwa na mjumbe wa kumuuliza mkubwa yeyote kwa nini bei ilikuwa ile, au ni nani aliyehesabu ng'ombe hao, au kama kiwanda kilijengwa kwa ajili ya ng'ombe au ng'ombe walipunguzwa kwa ajili ya kiwanda. Basi wakaenda kuuliza kwa miguu. Zaidi ya watu elfu moja, wanaume kwa wanawake, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea hadi Nairobi kutaka kumwona Gavana, wakakaa huko kwa majuma kadha. Gavana alikwenda Machakos mwezi wa Agosti kusema na watu. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu. Hata hivyo habari zilifika London, maswali yakaulizwa katika Bunge la huko, na kabla mwaka ule haujaisha amri ya kupunguza ng'ombe kwa nguvu iliondolewa.

Hiyo ndiyo gharama ya kutokuwa na mjumbe. Swali ambalo lingeulizwa kwa dakika tano lilihitaji safari ya miguu, majuma ya kulala nje, na mtu mmoja kuhamishiwa pwani.

Mwafrika wa kwanza katika Baraza lile, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944. Mwaka 1954 yakawekwa mabadiliko yaliyoleta Baraza la Mawaziri, na tangu hapo palikuwa na mtu mwenye cheo cha Waziri wa kuulizwa juu ya kila idara. Mwezi wa Machi 1957 Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza, ijapokuwa si wote walioruhusiwa, wakachagua wajumbe wanane. Miongoni mwao walikuwa Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Na Ukambani ulimtuma James Muimi. Watu wanane si wengi katika baraza lililojaa maafisa wa Serikali na walowezi, na kwa kura hawakuweza kushinda jambo. Kwa maswali waliweza kulifanya likaandikwa.

JIBU LA MAJI YA HOLA

Mfano mmoja wa nguvu ya jibu lililoandikwa haufai kupitwa upesi. Kati ya Mtito Andei na Voi iko Manyani, ambako wakati wa Hali ya Hatari palikuwa na kambi kubwa kuliko zote za kuwafungia watu walioshukiwa kuwa wa Mau Mau. Kambi nyingine ilikuwa Hola, kando ya Mto Tana. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa wa Hola waliokataa kufanya kazi walilazimishwa kwa virungu. Watu 11 walikufa.

Taarifa ya kwanza ya Serikali ilisema kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji. Jibu hilo lilitolewa kwa umma, likachapwa, likawa mali ya kila mtu. Lakini maiti zilipochunguzwa zilionekana kuwa na majeraha, na hakimu aliyesikiliza uchunguzi alithibitisha kwamba walikufa kwa kupigwa. Sasa palikuwa na karatasi mbili, na hazikupatana. Wabunge wa London, miongoni mwao Barbara Castle wa chama cha Labour, waliuliza na kuuliza tena: nani aliyeandika habari ya maji, nani aliyekubali mpango wa kutumia nguvu, Waziri wa Makoloni alijua nini na lini? Tarehe 27 Julai 1959 mjadala uliendelea hadi usiku wa manane. Enoch Powell, mbunge wa chama cha Serikali yenyewe, alisimama na kusema kwamba Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha kuwajibika nyumbani na kingine katika Afrika.

Serikali haikuanguka usiku ule. Waziri, Alan Lennox-Boyd, hakujiuzulu. Lakini baada ya uchaguzi wa Oktoba mwaka huo wizara ya makoloni ilipata mkubwa mwingine, Iain Macleod, na Januari 1960 viongozi wa Kenya walikuwa wameketi London, katika Jumba la Lancaster, wakizungumza habari ya utawala wa watu wengi. Haitakuwa haki kusema kwamba maswali ya Hola peke yake ndiyo yaliyoleta mkutano ule. Itakuwa vigumu vilevile kusema kwamba hayakuuharakisha. Na kama taarifa ya maji isingaliandikwa, pasingalikuwa na kitu cha kuwekwa mbele ya Waziri na kuulizwa, Je, hili ndilo jibu lako hata sasa?

MAWAZIRI NDANI YA BUNGE, KISHA NJE

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, Mawaziri wa Kenya walikuwa wabunge kama wengine. Saa ya maswali ilikuwa sehemu ya kila siku ya Bunge, na lilikuwako pia swali la dharura kwa jambo lisiloweza kungoja. Mwaka 1974 Kiswahili kiliruhusiwa Bungeni, na watu ambao hapo awali walisikia habari tu ya mjumbe wao wakaweza kumsikia mwenyewe na kumwelewa.

Haikuwa kazi isiyo na hatari. Mwaka 1975, J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alipotoweka, Bunge liliambiwa na Makamu wa Rais kwamba kwa habari alizokuwa nazo Kariuki alikuwa Zambia. Maiti yake ilipatikana Ngong. Bunge likaunda kamati chini ya Elijah Mwangale, na Waziri Masinde Muliro alipopiga kura kuiunga mkono ripoti yake alipoteza uwaziri. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule, Martin Shikuku na Naibu wa Spika, Jean-Marie Seroney, walikamatwa kwa maneno waliyoyasema ndani ya Bunge. Kwa miaka mingi baadaye maswali yaliendelea kuulizwa, lakini mengi yalikuwa ya barabara na zahanati, na si ya nani aliyefanya nini.

Katiba ya mwaka 2010 iligeuza mpango wote. Sasa Waziri (ambaye kwa sheria ya Kenya si mbunge, na hawezi kuwa mbunge) huteuliwa na Rais na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Kusudi lilikuwa jema: mtu asiwe mpikaji na mwonjaji kwa wakati mmoja. Lakini Bunge jipya lilipoketi mwaka 2013, wabunge waliona kiti cha Waziri ni kitupu. Kifungu cha 153 kinasema kwamba Waziri atafika mbele ya kamati ya Bunge atakapotakiwa na kujibu jambo lolote la wizara yake, na Kifungu cha 125 kinaipa kamati uwezo wa kumwita mtu yeyote, kama Mahakama Kuu iwezavyo. Hiyo ni nguvu kubwa. Lakini chumba cha kamati si ukumbi wa Bunge. Mbunge aliyetaka habari ya watu wake alimwomba mwenyekiti wa kamati, mwenyekiti akaiandikia wizara, wizara ikaleta barua, na mwenyekiti akaisoma. Mbunge akitaka kuuliza zaidi, mwenyekiti alijibu kwa haki kabisa kwamba yeye si Waziri. Mtu asiyejua jambo hawezi kubanwa juu yake.

Septemba 2022 Rais William Ruto, akilihutubia Bunge jipya, aliomba utafutwe utaratibu wa kuwawezesha Mawaziri kufika Bungeni kujibu. Mabaraza yote mawili, Bunge la Taifa na Seneti, yalibadili Kanuni za Kudumu, na mwaka 2023 Mawaziri wakaanza kusimama mbele ya wabunge ukumbini na kuulizwa. Hawakurudishiwa ubunge wala kura. Wanakuja kujibu, kisha wanaondoka.

Jirani wa kusini hawakuuacha utaratibu wa zamani. Katika Bunge la Tanzania huko Dodoma, Mawaziri ni wabunge, kikao huanza kwa maswali, na kila aliyeuliza swali la msingi hupewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza. Tena yote huwa kwa Kiswahili, hata mvuvi wa Kilwa aweza kusikia kwa redio kama Waziri amejibu au amezunguka.

JINSI SWALI LINAVYOTENGENEZWA

Sasa turudi kwa ndovu. Ichukuliwe kwamba watu wa Mtito Andei, ambao wamo katika eneo la ubunge la Kibwezi Mashariki, wamemwendea mjumbe wao. Swali ambalo wengi wangependa aulize ni hili: Je, Waziri anajua kwamba watu wa Mtito Andei wanateseka kwa sababu ya wanyama?

Swali hilo ni la kweli, na halina faida. Waziri atajibu kwamba anajua, kwamba anasikitika pamoja na jamaa zilizofiwa, na kwamba Serikali inalishughulikia jambo hilo. Kila neno la jibu lake litakuwa sahihi, na mkulima hatapata hata senti moja.

Swali lililotengenezwa vema huuliza vitu vinavyohesabika. Madai mangapi ya fidia yamepokewa kutoka Kibwezi Mashariki tangu mwaka fulani hadi mwaka fulani? Mangapi ya vifo, mangapi ya majeraha, mangapi ya mazao? Mangapi yamekubaliwa na kamati ya kaunti, na mangapi kati ya hayo yamelipwa? Kwa yale ambayo hayajalipwa, sababu ni nini, na yatalipwa lini? Hapo Waziri hawezi kujibu kwa huzuni. Sharti ajibu kwa tarakimu, na tarakimu zikiwa za uongo zitaonekana siku moja, kama maji ya Hola.

Mbunge huliandika swali na kulipeleka kwa Karani wa Bunge. Spika hulitazama kama linafuata kanuni: liwe la kutaka habari au hatua, lisiwe na matusi wala mabishano, lisihusu kesi iliyo mbele ya mahakama. Likikubaliwa huwekwa katika orodha ya shughuli na kupelekwa wizarani. Maafisa wa wizara ndio waandikao jibu, na mara nyingi ni wakati huo tu ndipo faili la Makueni hufunguliwa. Wako maafisa wanaosema kwamba madai ya zamani yalipata kutazamwa tena kwa sababu tu mtu alikuwa akija kuulizwa, na hilo si jambo la kushangaza kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi katika ofisi.

Siku ya kujibu ikifika, kazi ya mbunge ndipo huanza. Jibu la kwanza limeandaliwa kwa utulivu wizarani. Swali la nyongeza halikuandaliwa. Waziri akisema kwamba madai bado yanachunguzwa na kamati ya kaunti, mbunge aliyejiandaa atauliza: kamati hiyo ilikutana mara ya mwisho tarehe gani? Kwa maana kamati isiyokutana haichunguzi kitu. Waziri akisema kwamba baadhi ya wakulima walinyimwa kwa kuwa hawakulinda mashamba yao, mbunge atauliza ni ulinzi wa namna gani wizara inaoutaka kwa mtu mwenye ekari tatu na tochi, na kama ua wa umeme ulioahidiwa umefika wapi.

Liko jibu moja ambalo wabunge hawalipendi, nalo ni hili: Hazina haikutoa fedha za kutosha. Bunge limeambiwa mara nyingi kwamba madai ya fidia ni makubwa kuliko fedha zilizotengwa. Mbunge akisikia hivyo huweza kumgeukia Waziri wa Fedha. Lakini watu wa Mtito Andei wana haki ya kumgeukia yeye pia. Makadirio ya matumizi huletwa Bungeni kila mwaka kabla ya mwisho wa Aprili, na Bunge ndilo liyapitishalo kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai. Mbunge anayeuliza kwa hasira mwezi wa Oktoba kwa nini kifungu cha fidia ni kidogo, mwezi wa Juni alikuwapo ukumbini kilipopitishwa. Kama alinyamaza wakati ule, nusu ya swali lake ni la kumuuliza yeye.

Jambo jingine ni kujua mlango. Wanyamapori ni kazi ya Serikali ya Taifa, na barabara kuu ya Mombasa vilevile. Maswali yake yaenda Nairobi. Zahanati, maafisa wa kilimo na barabara ndogo za vijijini ni kazi ya kaunti, na maswali yake huulizwa na wajumbe wa wadi katika Bunge la Kaunti ya Makueni huko Wote. Watu wengi humlaumu mbunge kwa dawa zilizokosekana zahanati, na humlaumu mjumbe wa wadi kwa ndovu, na wote wawili hukubali lawama kwa upole kwa kuwa hakuna awezaye kuulizwa zaidi.

SWALI LISIPOJIBIWA

Swali peke yake halimwondoi Waziri kazini. Kwa hilo Katiba imeweka njia nyingine katika Kifungu cha 152. Mbunge akiungwa mkono na robo ya wabunge aweza kuleta hoja ya kutaka Waziri afukuzwe. Theluthi moja wakikubali, kamati ya watu 11 huchunguza kwa siku 10. Njia hiyo ilitumiwa mwaka 2024 baada ya wakulima kuuziwa mbolea isiyofaa katika mpango wa Serikali wa mbolea ya bei nafuu. Wabunge 149 waliiunga mkono hoja juu ya Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Kamati ilipomaliza kazi, watu 7 kati ya 11 waliona kwamba mashtaka hayakuthibitishwa, naye akabaki. Miezi miwili baadaye, Julai 2024, Rais aliwaondoa karibu Mawaziri wote baada ya maandamano ya vijana katika miji, na Waziri huyo alikuwa miongoni mwao. Lililoshindwa kwa kamati lilifanyika kwa barabara, na katika barabara watu walikuwa wamekufa.

Mwananchi mwenyewe pia hakufungiwa mlango wote. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi la maandishi Bungeni, na kikundi cha wakulima chaweza kufanya hivyo bila ya kumngoja mbunge. Kifungu cha 118 kinasema kwamba vikao vya Bunge na vya kamati zake ni vya wazi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa Serikali, na sheria ya kuitekeleza ilipitishwa mwaka 2016. Lugha za Bunge, kwa Kifungu cha 120, ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kwa hiyo hakuna haja ya kumtafuta mtu wa kuandika ombi kwa Kiingereza.

Anayetaka mjumbe wake aulize swali lenye meno ampelekee vitu vya kuumia. Siku ndovu waingiapo shambani, habari ipelekwe upesi katika ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori iliyo karibu, ili afisa aje aone nyayo na uharibifu kabla ya mvua au ng'ombe kuufuta. Picha ya simu yafaa sana. Hati ya madai ijazwe, na nambari yake iandikwe kando. Tarehe iliyopelekwa, jina la kijiji na la wadi, idadi ya ekari, na siku kila jibu lilipopokewa, yote yawekwe katika daftari moja. Wakulima ishirini wakiweka madaftari yao pamoja, wanaweza kumpa mbunge karatasi moja yenye mistari ishirini, naye akaisoma polepole mbele ya Waziri, nambari baada ya nambari, na waandishi wa Bunge wakiichukua katika Hansadi.

Na nakala ya hati ibaki nyumbani, pakavu, mbali na mchwa.